Maumivu Yanayohama

Leo, wajukuu zangu, nawasimulia habari za mkojo. Chekeni kwanza, mkimaliza tutaendelea.

Haya. Alikuwepo mtoto anaitwa Bahati, miaka 9, mkazi wa Ndosho hapa hapa Goma. Msihangaike kumtafuta mtaani; Bahati nimemtunga mimi. Maumivu yake ndiyo sikuyatunga. Hayo madaktari wameyaandika kwa zaidi ya miaka mia moja, na huwapata watoto wa Goma kama yanavyowapata wa Kampala, wa Mombasa na wa Paris.

Jumanne jioni mama yake alipika bugali, sombe na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga. Siku nyingine Bahati hugombana na dada zake kwa ajili ya sambaza wa mwisho. Jioni ile aliisogeza sahani.

"Tumbo linaniuma, mama."

"Wapi?"

Akaweka kiganja juu ya kitovu, akakizungusha. Hapa pote.

Mama akawaza anayowaza mama yeyote wa mji huu: minyoo, malaria, tifoidi, maji yasiyochemshwa, mapera mabichi ya jirani. Akamlaza. Usiku Bahati akatapika mara mbili. Alfajiri alipoamka, kitovu kilikuwa kimetulia, lakini maumivu hayakuondoka. Yalikuwa yamehama. Sasa yamekaa chini, upande wa kulia, kati ya kitovu na mfupa wa nyonga, na Bahati alitembea ameinama, mkono mmoja ukilinda mahali pale.

Mama akasimamisha pikipiki. Mnazijua njia zetu za ndani ndani, zilivyojaa mawe meusi ya volkano. Kila gurudumu liliporuka jiwe, Bahati aliuma meno na kumkaba dereva kiunoni. Walipofika hospitalini alikuwa analia bila sauti.

Mambo matatu yashikeni, nitayahitaji baadaye: hamu ya chakula ilitoweka, maumivu yalihama, na kutikiswa kulimuumiza.

Sasa tuingie tumboni. Chakula kikimaliza safari yake katika utumbo mwembamba huingia utumbo mpana. Hapo mwanzoni mwa utumbo mpana, chini upande wa kulia, pameota kijifuko chembamba ambacho kwa mtu mzima huwa na urefu wa sentimita 6 hadi 10. Ndicho kidole tumbo. Zamani watu walidhani hakina kazi. Siku hizi tunajua kuta zake zina chembe nyingi za kinga ya mwili, ingawa mtu akiondolewa anaishi vizuri bila hicho.

Taabu yake ni kwamba kina mlango mmoja tu. Mlango huo ukizibwa na kipande cha kinyesi kilichokauka, au na tezi za kinga zilizovimba, au mara chache na minyoo, majimaji hujaa ndani. Bakteria huongezeka. Ukuta huvimba mpaka damu ishindwe kupita ndani yake, na sehemu isiyofikiwa na damu hufa. Ukuta uliokufa hutoboka, na usaha humwagika tumboni. Kuanzia maumivu ya kwanza mpaka kutoboka, mara nyingi ni siku moja na nusu hadi mbili, na kwa watoto wadogo huweza kuwa haraka zaidi.

"Koko, kwa nini maumivu hayakuanzia hapo hapo kwenye kidole tumbo?"

Umeuliza vizuri. Mishipa ya fahamu inayotoka kwenye matumbo haina ustadi wa kutaja mahali. Inapeleka habari kwenye uti wa mgongo pamoja na zile za eneo la kitovu, basi ubongo unasikia tu: katikati kunauma. Lakini uvimbe ukikua, unaanza kugusa utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani. Utando huo una mishipa mingine, yenye uwezo wa kuonyesha mahali hasa. Hapo ndipo ubongo unasikia: ni chini, kulia. Kumbe maumivu hayakuhama kweli. Mtoa habari ndiye aliyebadilika.

Na utando ule ukishavimba hautaki kutikiswa. Ndiyo maana Bahati aliyaogopa mawe.

Ugonjwa huu, ambao nao tunauita kidole tumbo, ni wa zamani. Mwaka 1735, katika hospitali moja ya London, mganga aliyeitwa Claudius Amyand alimpasua mvulana wa miaka 11 aliyekuwa na ngiri. Ndani ya ngiri akakuta kidole tumbo kilichotobolewa na pini ambayo mvulana aliimeza. Akakikata. Wakati ule nusukaputi haikuwa imevumbuliwa, kwa hiyo mvulana alisikia kila kitu. Mnakunja nyuso, na mna haki. Lakini alipona, na huo ndio upasuaji wa kwanza wa kuondoa kidole tumbo unaojulikana.

Hata hivyo, kwa miaka mia moja na nusu iliyofuata, waganga wengi waliendelea kuulaumu utumbo mpana kwa maumivu ya upande wa kulia. Mwaka 1886, daktari Reginald Fitz wa mji wa Boston, Marekani, alionyesha kwamba mkosaji ni kidole tumbo, na akashauri kiondolewe mapema kabla hakijatoboka. Miaka mitatu baadaye Charles McBurney wa New York akaonyesha pa kubonyeza. Chora mstari kutoka mfupa wa nyonga ya kulia mpaka kitovuni, kisha hesabu theluthi moja ya njia kutoka nyongani. Hapo. Mpaka leo madaktari wa dunia nzima hubonyeza mahali hapo, na pamepewa jina lake.

Turudi kwa Bahati. Daktari aliyempokea alikuwa mama wa makamo, sauti ya taratibu.

"Jambo, Bahati. Habari ya tumbo?"

"Dokta, tangu jana hali kitu," mama akajibu.

"Aksanti, mama. Ngoja kwanza mwenyewe aniambie."

Bahati akaeleza: lilianza jana jioni, hapa katikati, usiku nikatapika, asubuhi likaja huku. Daktari akaandika yote. Akabonyeza tumbo kuanzia upande wa kushoto, ambako hakuumi, akaja polepole kulia. Alipofika pale pa McBurney, misuli ya tumbo ikakaza yenyewe. Kisha akamwambia Bahati asimame aruke kidogo. Bahati akamtazama kama mtu aliyetukanwa. Akakataa.

Mngesema basi, jibu limepatikana, apasuliwe. Ngojeni. Kupasua tumbo la mtoto si jambo la kukimbilia. Kwa miaka mingi wapasuaji wazuri kabisa walikuwa wakifungua matumbo ya wagonjwa 10, na katika mmoja au wawili kati yao wakikuta kidole tumbo kizima, hakina neno. Waliona afadhali hivyo kuliko kuchelewa. Upande wa pili kuna wanaochelewa. Kwa watoto wa chini ya miaka 5, zaidi ya nusu hugunduliwa kidole tumbo kikiwa kimeshatoboka, kwa sababu hawajui kusimulia. Mtoto wa miaka 3 ukimuuliza panauma wapi, huenda akakuonyesha kitovu hata kama ni koo.

Na huku kwetu kuna jambo la ziada: wadanganyifu ni wengi. Yaani magonjwa yanayojifanya kidole tumbo. Malaria humtapisha mtoto na kumuumiza tumbo. Maambukizi ya njia ya mkojo vilevile. Minyoo ikijaa huleta msokoto. Tifoidi ndiyo kali zaidi, kwa sababu nayo huweza kutoboa utumbo. Mwishoni mwa mwaka 2004, Kinshasa ilipata mlipuko ambao Shirika la Afya Duniani liliuhesabia wagonjwa 42,564, na kati yao 696 walitobolewa matumbo au kupata usaha tumboni. Miaka michache baadaye, Kasese nchini Uganda, ng'ambo tu ya milima ya Rwenzori, wapasuaji walikutana na balaa hilo hilo. Kwa hiyo daktari wa Goma, tofauti na mwenzake wa Paris, hawezi kuuona upande wa kulia ukiuma akaridhika.

Basi daktari wetu akaomba vipimo. Tone la damu kidoleni kwa ajili ya malaria. Damu kidogo zaidi kwa ajili ya kuhesabu chembe nyeupe, zile zinazopigana na wadudu wa magonjwa. Halafu akampa Bahati kikopo.

"Cha nini, dokta?"

"Nenda ukojoe humo, mwanangu."

Bahati alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, na kicheko kikamuumiza.

Hapa ndipo nilipokuwa nawapeleka tangu mwanzo. Tumbo ndilo linauma. Mkojo unahusika vipi?

Figo zenu mbili hazilali. Kwa mtu mzima huchuja lita 180 hivi za majimaji ya damu kila siku, kisha hurudisha karibu yote mwilini na kuacha lita moja na nusu hivi itoke. Damu inapita kila mahali: kichwani, kwenye ini, kwenye kidole tumbo. Kitu kidogo kilichomwagika katika damu mahali popote huweza kufika kwenye figo, na kingine hupenya mpaka kwenye mkojo. Tena mkojo hauhitaji sindano. Kwa mtoto anayeogopa sindano, hiyo si faida ndogo.

Katika maabara nyingi za hapa kuna utepe wenye viraka vya rangi. Mtu wa maabara anauchovya kwenye mkojo, anangoja kidogo, anasoma rangi: kuna sukari? kuna damu? kuna protini? kuna chembe nyeupe? Utepe huo umeokoa wengi. Lakini haukuundwa kwa ajili ya kidole tumbo.

Majibu ya Bahati yakarudi. Malaria: chanya. Mkojo: chembe nyeupe chache. Chembe nyeupe za damu: nyingi kupita kawaida.

Mama akashusha pumzi. "Kumbe ni malaria, Dokta. Tupatie dawa twende nyumbani."

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Wengine hapa mmeshamruhusu aende, nawaona. Daktari hakumruhusu. Alijua mambo mawili. Kwanza, kipimo kile cha haraka cha malaria huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa na kupona, na Bahati alikuwa ametibiwa mwezi uliotangulia. Tena mtoto anaweza kuwa na malaria na kidole tumbo kwa pamoja. Ugonjwa mmoja haumfukuzi mwenzake. Pili, kidole tumbo kilichovimba kikiwa kimelala karibu na kibofu au mrija wa mkojo, hukera jirani yake, na chembe nyeupe huonekana kwenye mkojo ingawa njia ya mkojo haina ugonjwa. Utepe ulisema ukweli, ila ukweli huo ungeweza kumpoteza daktari.

"Koko, si kuna mkojo mwingine unaojua kusema kidole tumbo?"

Mkojo ni ule ule, mjukuu wangu. Kinachobadilika ni swali tunalouuliza. Na kuna watu waliojaribu kuuliza swali jipya.

Mnaukumbuka Boston wa daktari Fitz? Katika mji huo huo, katika hospitali ya watoto, Alex Kentsis, Hanno Steen na Richard Bachur pamoja na wenzao walijiuliza: kidole tumbo kinapovimba, je, kuna protini inayomwagika katika damu na kufika kwenye mkojo? Walianza na mikojo ya watoto 12, wenye ugonjwa na wasio nao. Wakaiingiza kwenye mashine ambayo hupima uzito wa vipande vidogo mno vya protini na kuvitambua kimoja kimoja. Wakapata orodha ya viashiria 57 vya kuchunguza. Kisha wakakusanya mkojo wa watoto wengine 67 waliofika hospitalini wakishukiwa kuwa na ugonjwa huu. Baada ya matibabu ilijulikana kwamba 25 ndio waliokuwa nao kweli. Viashiria saba viling'ara, na kimoja kikavishinda vingine vyote. Jina lake ni refu mno. Watafiti wenyewe hulifupisha kuwa LRG. Ni protini inayotengenezwa na ini, na pia hubebwa na zile chembe nyeupe zinazokimbilia mahali penye uvimbe. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2009.

Kiling'ara kiasi gani? Wataalamu wana njia ya kukipa kipimo alama moja: 0.5 maana yake ni kubahatisha tu, na 1 maana yake hakikosei kamwe. LRG ilipata 0.97.

Nasikia mnapiga makofi. Yatunzeni kwanza, maana kila kipimo duniani lazima kijibu maswali mawili. Je, wagonjwa wote unawanasa? Na wasio wagonjwa, unawaacha?

Mfano wake ni mawe ya barabarani. Nchini Uingereza barabara ni laini, lakini huwekwa matuta ya kupunguza mwendo. Mwaka 2012 madaktari wa hospitali ya Stoke Mandeville walitoa utafiti wao. Waliwauliza watu wazima walioletwa kwa kushukiwa kuwa na kidole tumbo: mlipopita juu ya matuta, maumivu yalizidi? Waliopita kwenye matuta walikuwa 64. Kati yao, 34 walithibitishwa kuwa na ugonjwa, na 33 kati ya hao walisema ndiyo, yalizidi. Swali la kwanza limefaulu vizuri ajabu, bila mashine wala senti. Lakini wale 30 ambao hawakuwa na ugonjwa, wengi wao nao walisema ndiyo. Swali la pili limeanguka. Kwa hiyo tuta linasaidia hivi: asiyeumia juu ya tuta, yamkini hana kidole tumbo. Anayeumia, bado hatujui. Pale Ndosho hatuna haja ya matuta. Mawe ya volkano yanatosha kazi hiyo.

Sasa ipeni LRG maswali hayo hayo. Uvimbe wa namna nyingine mwilini nao huipandisha, kwa kuwa chembe nyeupe hukimbilia kila palipo na vita, si kwenye kidole tumbo peke yake. Watafiti wa Sweden, wa Singapore na kwingine waliendelea kuichunguza, na wengine waliiona inafaa zaidi ikiunganishwa na dalili za mtoto na kipimo cha damu kuliko ikisimama peke yake. Halafu kuna mashine. Ile ya Boston ni ghali, inahitaji wataalamu na umeme usiokatika. Kundi la Boston lenyewe lilipojaribu njia ya kawaida ya maabara, iliyo rahisi zaidi, kipimo hakikuwa kikali kama kwenye mashine kubwa, kwa sababu vitu vingine vilivyomo kwenye mkojo vilikiingilia. Utepe wa kuchovya utakaosema "hiki ni kidole tumbo" na kuaminiwa na madaktari wote haujafika.

Na hata ungefika kesho, kuna swali ambalo ni sisi tu wa huku tunaoweza kulijibu. Watoto wa Boston waliotoa mkojo ule yamkini hawakuwa na malaria ya mwezi uliopita wala minyoo tumboni. Kipimo kilichofuzu kwao kinapaswa kufanya mtihani upya kwa watoto wa Ndosho, wa Birere na wa Mabanga, ambao miili yao inapigana vita vingine kila siku.

Kingekuwa na faida gani hapa? Kubwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025, mapigano yalipoingia Goma, hospitali ya CBCA Ndosho ilifurika majeruhi wa risasi na mabomu. Wakati kama huo mpasuaji ana mikono miwili tu, na mlangoni wamepanga foleni watoto wenye matumbo yanayouma. Nani apasuliwe usiku huu, nani anaweza kungoja mpaka asubuhi, nani apewe dawa ya malaria arudi nyumbani? Kikopo cha mkojo kinachosaidia kupanga foleni hiyo kingeokoa maisha, hata kama hakisemi neno la mwisho.

Neno la mwisho, watoto, halisemwi na ishara moja. Sisi tunaoishi chini ya mlima wa volkano wa Nyiragongo tulipaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo. Wataalamu wa kituo cha kuchunguza volkano hapa mjini, kile tunachokiita OVG, hawawezi kuingia ndani ya mlima wakatazama. Wanasikiliza mitetemo, wanapima gesi, wanaangalia kama ardhi inavimba, kisha wanaweka yote pamoja. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka na lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ukapasuka tena, na safari hiyo mitetemo ya kuonya ilianza chini ya saa moja kabla. Chombo kimoja kikinyamaza, haina maana kwamba mlima umelala. Tumbo nalo lina udanganyifu huo: kidole tumbo kikitoboka, maumivu huweza kupungua ghafla kwa muda mfupi, mtoto akaonekana amepata nafuu, kumbe usaha unasambaa. Nafuu ya namna hiyo ni ya kuogopwa.

Basi daktari akaweka yote pamoja. Alikuwa na orodha ya alama iliyotungwa mwaka 1986 na daktari Alfredo Alvarado, yenye jumla ya alama 10. Maumivu yaliyohama: 1. Hamu ya chakula imepotea: 1. Kutapika: 1. Upande wa chini kulia unauma ukibonyezwa: 2. Chembe nyeupe zimepanda: 2. Zilizobaki ni za homa, za maumivu mkono unapoachilia tumbo ghafla, na za aina ya chembe nyeupe zilizoongezeka. Hesabuni za Bahati mpaka hapo. Zinafika 7, na 7 ni nyingi. Angalieni pia zimetoka wapi: tatu za kwanza hazikutoka maabara wala kwenye mkono wa daktari. Zilitoka mdomoni mwa Bahati na mama yake.

Akampeleka kwenye ekografi, kile chombo cha kutazama tumboni kwa mawimbi ya sauti. Njia ya kukitafutia kidole tumbo ilielezwa mwaka ule ule wa 1986 na daktari Mholanzi, Julien Puylaert: unabonyeza polepole na chombo mpaka matumbo yasogee. Utumbo mzima hubonyea. Kidole tumbo kilichovimba hakibonyei, na upana wake hupita milimita 6. Cha Bahati kilikuwa na milimita 9 na hakikubonyea.

Mama akalia kidogo, akapiga simu kwa ndugu ili wachangie gharama, kama tunavyofanya siku zote. Mchana ule ule Bahati akalazwa usingizi wa dawa, akapasuliwa, kikatolewa kabla hakijatoboka. Baada ya siku chache alikuwa nyumbani, na sambaza wake wakiwa salama sahanini.

"Koko, mimi kesho nikiumwa tumbo, ni kidole tumbo?"

Uwezekano mkubwa ni kwamba sivyo. Matumbo mengi yanayouma hutulia yenyewe au kwa dawa ndogo. Ugonjwa huu unaweza kumpata mtu wa umri wowote, ila unapenda zaidi walio kati ya miaka 10 na 19, yaani karibu nyote mliokaa hapa, basi sikilizeni. Tumbo likiuma kwa saa kadhaa bila kuacha, hamu ya kula ikaondoka, maumivu yakashuka chini kulia, kutembea na kukohoa kukawa adhabu, nendeni hospitalini siku hiyo hiyo. Msikubali dawa ya kuwafanya mharishe wala kupigwa bomba nyumbani. Vyote viwili vinaweza kuharakisha kutoboka. Na maumivu yakikatika ghafla baada ya kuwa makali, bado nendeni.

Mkifika, mtaulizwa. Semeni yalianza lini, yalianza wapi, sasa yako wapi, mlikula mara ya mwisho saa ngapi, mlitapika kabla ya maumivu au baada. Mkipewa kikopo, kijazeni bila aibu. Kama mmekunywa dawa yoyote mwezi huu, itajeni, hata ile ya jirani.

"Na kama mama akisema nasingizia ili nisiende shule?"

Mwambie tena. Mwonyeshe kwa kidole jana palikuwa wapi na leo ni wapi. Akiendelea kukataa, mwambie mtu mzima mwingine, na usingoje kesho.